Kufundisha mutoto metre na litre ku nyumba: ukubwa kwanza, virgili nyuma



Mwanzo wa 2025, wakati vita ilifika Goma kisha Bukavu na masomo ikasimama, wazazi wengi walijikuta walimu bila kupenda. Kwa wamoja shule ilifunguka tena. Wengine bado wanasomesha watoto nyumbani, juu ya feza ao juu ya usalama. Mimi pia niko na watatu wa dada yangu mukubwa kwenye meza, wa mwaka wa 6 mupaka wa 8. Na swali moja inarudia kila mara: «Huyu mutoto anajua tablo ya vipimo kwa kichwa, anaiimba hata, lakini ukimupa hesabu ya kubadilisha, anapotea. Nifanye namna gani?»

Ugonjwa huo ninaujua, juu niliugua mimi mwenyewe. Wakati wa staje, karibu nimalize lisansi, muzee moja mulimaji alinionyesha shamba yake ya mahindi: metre 20 kwa metre 25. Nikazidisha, metre mraba 500. Nikatembeza virgili haraka haraka, nikapata ektare 0,5. Dozi tuliyopewa ilikuwa kilo 200 ya NPK kwa ektare, basi nikaandika kilo 100. Muzee akaangalia karatasi, akaniangalia mimi: «Mwanangu, mifuko mbili za 50 kwa hii kashamba? Unataka kuunguza mahindi yangu?» Jibu ya kweli ilikuwa ektare 0,05, ni kusema kilo 10. Yeye hakuwa na tablo, lakini ukubwa wa shamba ilikuwa ndani ya macho yake. Mimi nilikuwa na tablo tu.

Njo maana ninawaambia wazazi: ukubwa kwanza, virgili nyuma. Hivi ndivyo tunafanya.

1. Siku za kwanza, hakuna kalamu. Mutoto ashike vipimo kwa mikono. Upana wa kidole kidogo cha mutu mukubwa ni karibu sentimetre 1. Hatua ndefu ya mutu mukubwa ni karibu metre 1. Bidon ya manjano ni litre 20, na maji yake ina kilo 20, juu litre 1 ya maji ina kilo 1. Hiyo haikukuja kwa bahati: wakati Ufaransa iliweka hivi vipimo kwa sheria mwaka 1795, walichukua uzito wa maji inayojaza kasanduku ka sentimetre 1 kila upande, wakaita grame. Mutoto mwenye kubeba bidon toka robine, kilo 20 hawezi kuisahau. Kila mara akisie kwanza, kisha apime: urefu wa meza, uzito wa rungu ya ndizi, maji ya sufuria. Akikosa kwa kukisia, musimucheke. Kesho atakaribia.

2. Swali moja mbele ya kila hesabu. «Namba itakuwa kubwa ao kidogo?» Ukibadilisha noti moja ya franka 10 000 kwa noti za 500, unarudi na noti 20. Noti ni ndogo, zimekuwa mingi, lakini feza ni ileile. Vipimo ni vile vile: kipimo kikiwa kidogo, namba inapanda, kipimo kikiwa kikubwa, namba inashuka. Metre 3 ni sentimetre 300. Grame 750 ni kilo 0,75. Mutoto aseme «itapanda» ao «itashuka» kwa mudomo mbele ya kugusa kalamu. Makosa mingi inakufa hapo.

3. Mraba inaruka mbili. Hapa njo pahali mimi nilianguka. Musimuambie tu «kwa metre mraba weka zero mbili». Mutoke inje, muchore chini mraba wa metre 1 kwa metre 1. Kila upande mugawanye mara 10, kwa desimetre. Ahesabu tumiraba: ziko 100, haziko 10, juu kulikuwa 10 kwa urefu na 10 kwa upana. Kwa njia ile ile, are moja ni mraba wa metre 10 kwa 10, ni kusema metre mraba 100. Ektare moja ni metre 100 kwa 100, ni kusema metre mraba 10 000. Shamba ya muzee ilikuwa are 5. Nilipaswa kugawanya kwa 10 000, nikagawanya kwa 1 000. Zero moja tu, na mifuko mbili ya mbolea ingetupwa.

4. Uzito na ujazo haziko kitu kimoja. Muchukue chupa ya siro ya parasetamoli. Kuko zenye kuandikwa 120 mg/5 ml. Mutoto atataka kutembeza virgili toka miligrame mupaka mililitre. Hapana! Miligrame ni uzito wa dawa, mililitre ni ujazo wa maji maji yenye kuibeba. Hakuna ngazi kati yao. Kiko tu kile chupa inasema. Kama muganga ameandika 180 mg, tunauliza: 120 iko ndani ya 5, basi 60 iko ndani ya 2,5, na 180 iko ndani ya 7,5 ml. Mutoto ahesabu kwa kujifunza; dozi yenyewe inabakia kazi ya muganga na muzazi.

5. Hapa njo mulango wa alijebra. Mutoto akiandika metre 3 + sentimetre 20 = 23, mumuulize: 23 ya nini? Kesho mwalimu atamuandikia 3a + 20b, na itakuwa ile ile: herufi mbili tofauti haziunganike. Lakini tukijua kama metre moja ni sentimetre 100, tunapata 300 + 20 = 320 za sentimetre. Na metre mara metre inatoa metre mraba, sawa vile a mara a inatoa a mraba.

Kisha mumutume na kopo ya gigozi ku soko. Gigozi na murongo haziko ndani ya tablo yoyote. Ajaze maharagi, apime ku mizani, atoe uzito wa kopo tupu. Tuseme inabakia grame 900. Kopo n zitakuwa kilo ngapi? 0,9 × n. Hapo ameshaandika alijebra bila kuogopa, na atajua kama muuzaji ameingiza kidole ndani ya kopo.

Kwa kumaliza, zoezi ya wiki hii. Sitani ya kutunza maji iko na metre 1 kwa metre 1, na maji inafika sentimetre 80. Ni bidon ngapi za litre 20? Njia: 80 cm ni 0,8 m, basi metre kibe 0,8. Kila metre kibe ni litre 1 000, tunapata litre 800, ni bidon 40. Kama mutoto amejibu 4 ao 400, musiweke alama nyekundu kwanza. Mumuulize: «Hizi bidon, ungekuwa wewe mwenye kuzibeba, ungekubali hii jibu?» Atachukua kalamu tena yeye mwenyewe.

Wenye kuwa na namna ingine, muandike hapa chini tujifunze wote.