Wahindi wa Jinja na Mbale: Lugha ya sokoni, desturi ya nyumbani

JINJA, Uganda – Anayepita Barabara Kuu ya mji huu na kuinua macho juu ya maduka ataona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi vikiwa vimeandikwa ukutani. Wengi wa waliojenga maduka ya namna hiyo, hapa na Mbale chini ya Mlima Elgon, asili yao ni Gujarat, magharibi mwa India.

Miongoni mwa waliotangulia ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyeanzia pwani na kuifuata njia ya misafara hadi Uganda akifungua duka baada ya duka. Muljibhai Madhvani alifika mwaka 1908 akiwa kijana. Mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kilianza kazi Kakira, nje kidogo ya Jinja.

Duka la kijijini halikuendeshwa kwa Kigujarati. Mwenye duka alijifunza Kisoga upande wa Jinja, Kigisu upande wa Mbale, na Kiswahili kwa wasafiri. Nyuma ya duka, familia ilizungumza lugha yake. Kaya nyingi za Kihindu hazikula nyama, na wakati wa Diwali daftari jipya la hesabu lilifunguliwa kwa sala.

Wenyeji nao walichukua. Chapati iliyotoka India leo hukunjwa na mayai kando ya barabara, ikaitwa rolex, na hakuna Mganda anayeiona ngeni.

Lakini kuelewana sokoni hakukutosha. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa Tororo, si mbali na Mbale, Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Wahindi. Walipewa siku 90. Hata wengi waliojihesabu raia wa Uganda walikataliwa hati zao. Maduka yaligawiwa wengine, uzalishaji wa Kakira ukaporomoka, bidhaa zikaadimika. Aliyeumia hakuwa mwenye duka peke yake; mteja naye alikosa sukari.

Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kudai mali, na familia ya Madhvani ilirejea Kakira mwaka 1985. Wengine wengi walibaki Uingereza na Kanada.

Kwa anayevuka Busia au Malaba kutafuta soko, historia hii si ya Wahindi tu. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inampa raia wa Jumuiya haki ya kufungua biashara katika nchi jirani. Tena, serikali ikivunja Mkataba wa Jumuiya, mkazi anaweza kuishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mradi afungue shauri ndani ya miezi 2. Wenye maduka wa mwaka 1972 hawakuwa na mlango huo.

Kigisu kitamletea mgeni wateja. Leseni, kibali na mkataba wa pango vilivyotunzwa vizuri ndivyo atakavyovishika siku atakapoulizwa yeye ni nani.