Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Karani Asikatwe Mshahara

Ndugu makarani na makatibu wa matawi,

Kompyuta ya mapajani ikigoma baada ya kubadilishiwa programu yake ya kuwashia, msiseme imekufa. Programu hiyo hukaa ndani ya chipu yake, mbali na diski. Kwa hiyo orodha ya wanachama kwa kawaida ingali salama.

Kwanza, ngojeni. Kioo huweza kuwa cheusi kwa dakika kadhaa huku kazi ikiendelea, msizime.

Pili, ikiwa kimya muda mrefu, chomoeni waya wa chaji, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisheni waya, washeni.

Tatu, kwa HP nyingi, shikeni pamoja Windows na B, kisha bonyezeni cha kuwashia sekunde 2 au 3. Mashine itajaribu kurudisha programu ya akiba.

Nne, BitLocker ikidai namba ya tarakimu 48, msibahatishe. Namba hiyo iandikwe mapema, ifungiwe kabatini.

Yakishindikana hayo, fundi anaweza kuiandika chipu upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kosa si la karani. Kamati ya tawi idai taarifa ya fundi kwa maandishi kabla mwajiri hajagusa mshahara wa mtu.