Nyamrerwa Ndiye Huambiwa Kwanza

Ukitoka Kisumu kuelekea magharibi, barabara hugawanyika Kisian: moja yaenda Busia, nyingine Bondo. Hapo pana kituo cha utafiti cha KEMRI, chenye maabara zinazojulikana duniani. Lakini mama wa kijiji jirani akianza kuona damu baada ya kukutana na mumewe, mara nyingi hamwendei daktari aliye rika la mwanawe. Huenda kwa nyamrerwa, mkunga na mjuzi wa mitishamba, yuleyule aliyempokelea watoto.

Nyamrerwa atamsikiliza, atachemsha mizizi, na pengine atauliza kama kuna mwiko uliovunjwa nyumbani, maana maradhi yanayomkondesha mtu polepole Waluo huweza kuyaita chira. Siku zinayoyoma.

Saratani ya mlango wa kizazi haina pupa mwanzoni. Huletwa na kirusi cha HPV, ambacho wengi wetu hukipata kwa kujamiiana na mwili ukakifukuza wenyewe. Kikikataa kutoka, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya ukimwi bila tiba, miaka 5 hadi 10. Muda wote huo hasikii maumivu. Damu ikionekana, huenda akiba ya muda imekwisha, na miezi mitatu ya kunywa mizizi ni mingi mno. Mwaka 2020 ugonjwa huu ulikadiriwa kuua wanawake wapatao 3,200 nchini Kenya.

Kipimo chenyewe ni chepesi ajabu. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi pamba iliyochovywa asidi ya siki iliyozimuliwa, asilimia 3 hadi 5, kisha husubiri kama dakika moja. Penye seli zilizoharibika hugeuka peupe. Doa likiwa dogo huweza kuchomwa au kugandishwa siku hiyohiyo, na mama akapanda matatu kurudi kwake.

Miti siidharau. Miaka ya 1970 Wamarekani walivuna zaidi ya tani 27 za Maytenus huko Shimba Hills, Kwale, wakitafuta maytansini, kemikali iliyotarajiwa kutibu saratani. Ilikuwa sumu kali mno kumpa mgonjwa hivihivi. Leo jamaa yake hufungwa kwenye kingamwili na kutibu aina moja ya saratani ya matiti, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Safari hiyo ilikula miaka 40, na dozi ya dawa hiyo hupimwa kwa miligramu, si kwa kikombe.

Kule Migori, watafiti waliwaacha wanawake wajichukulie wenyewe sampuli ya HPV. Kambi za vijijini ziliwafikia asilimia 60 ya wanawake, vituo vya afya asilimia 37. Ila wengi waliokutwa na kirusi hawakufika kutibiwa. Nani angewafuata nyumbani bila majirani kunong'ona? Nyamrerwa huingia nyumba hizo kila wiki.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka pawepo utaratibu wa rufaa kutoka kwa waganga wa tiba asili hadi hospitali. Basi ufike kibandani kwa nyamrerwa: azijue dalili za saratani, yaani damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu unaonuka, uvimbe titini, na karatasi yake ya rufaa iheshimiwe pale Russia, kama watu wa Kisumu wanavyoiita hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga.

Nawe mama unayesoma, ukiwa umetimiza miaka 30, au 25 ikiwa unaishi na virusi vya ukimwi, nenda ukapimwe kabla hujaona damu.