Majasusi wa Kilindini: matembezi ambayo Mombasa bado haijayafanya

Mpwa wangu ni mwongoza watalii pale Mji wa Kale. Majuzi alinijia baada ya swala ya Alasiri, ana swali linamkera. Mgeni wake mmoja kutoka Uingereza alimhadithia kuwa kule London watu hulipa pesa kutembezwa kwa miguu kama saa mbili hivi, wakionyeshwa majumba walimofanyia kazi majasusi wa Vita vya Pili vya Dunia. "Mjomba," akaniuliza, "wanaonyeshwa nini hasa? Na je, sisi hatuna?"

Wanaonyeshwa milango, nikamwambia. Nambari 64 Baker Street palikuwa na makao ya idara iliyoundwa mwaka 1940 kupeleka watu kisirisiri katika nchi zilizotekwa na Wajerumani. Leo ni jumba la kawaida lenye kibao ukutani. Nambari 4 Taviton Street pana kibao cha buluu kilichowekwa mwaka 2020 kumkumbuka Noor Inayat Khan, binti wa mwanamuziki wa Kisufi kutoka India. Noor alipelekwa Ufaransa Juni 1943 kupiga mtambo wa redio. Wenzake wakakamatwa mmoja baada ya mwingine, wakubwa wake wakamwambia arudi, akakataa kuiacha kazi. Aliuawa katika kambi ya Dachau Septemba 1944, akiwa na miaka 30. Mgeni husimama kando ya barabara mbele ya mlango uliofungwa, husimuliwa hayo, kisha kundi linasonga mbele. Ndiyo ziara yenyewe.

Ama swali la pili: tunayo, tena kubwa. Sema hatuiuzi, na wengi wetu hatuijui.

Mimi ningeanzia Mama Ngina, asubuhi, chini ya mibuyu, kabla jua halijawa kali. Pale mtu anaona mlango wa Kilindini wote, na meli zikiingia zinapita mbele yako karibu kabisa. Mwaka 1942 ungekaa hapo hapo ungeona manowari. Tarehe 5 Aprili mwaka huo, ndege za Japani zilishambulia Colombo, na siku hiyo hiyo zikazizamisha manowari mbili za Kiingereza, Dorsetshire na Cornwall. Siku nne baadaye ikazama Hermes, meli iliyobeba ndege. Admirali James Somerville akaona Ceylon hapakaliki, akalirudisha kundi lake la manowari huku kwetu, na Kilindini ikawa kituo kikuu cha Waingereza katika Bahari ya Hindi.

Palipo na manowari pana macho. Jasusi wa bandarini hahitaji bastola wala koti refu kama la kwenye sinema. Anachohitaji ni kukaa mahali, kuhesabu meli, kujua ipi imeondoka na lini, kisha kupata njia ya kupeleka habari. Kusini yetu, Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, ilikuwa mikononi mwa Wareno ambao hawakuwa upande wowote wa vita. Kwa hivyo konsuli wa Kitaliani na wa Kijerumani walikaa pale wazi wazi, wakikusanya habari za meli, na Waingereza nao wakampeleka mtu wao, mwandishi Malcolm Muggeridge, kuwapeleleza wapelelezi. Haukuwa mchezo. Juni na Julai 1942 nyambizi za Japani zilizamisha zaidi ya meli 20 katika Mlango wa Msumbiji, njia ile ile ya meli zilizotoka Rasi ya Tumaini Jema kuja huku.

Hapo ndipo tungechukua tuk-tuk twende kituo cha pili. Shule ya Allidina Visram.

Naam, hiyo hiyo unayoijua. Iliyopewa jina la yule tajiri wa Kihindi aliyeanzia biashara zake Bagamoyo. Manowari zilipokimbia Colombo, walikuja nazo watu wasioshika bunduki: wavunja mafumbo, ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza redio za Kijapani na kuzisoma zile barua zilizofichwa kwa msimbo. Idara yao ilianzia Hong Kong, ikahamia Singapore, ikaja Colombo, kila mara Wajapani wakiwa nyuma yao. Mombasa wakapewa shule ya Allidina. Jeshi la maji la Kiingereza lina desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kama la meli, na shule ikawa HMS Allidina. Walikuwamo wanaume waliosoma Kijapani, na wasichana wa jeshi la maji waliofanya kazi ya ukarani na ya kunukuu.

Mwanzoni mambo yaliwawia magumu. Redio zilisikika vibaya zaidi kuliko Colombo, ni mawimbi yenye nguvu peke yake yaliyofika. Lakini Novemba 1942 wakapata bahati yao. Meli za mizigo za Japani zilitumia msimbo ambao upande wa Uingereza na Marekani waliuita JN-40. Karani mmoja wa Kijapani alituma habari ya meli akasahau kutia mahali meli ilipo. Alipogundua, akaituma tena, safari hii kamili, lakini akaifunga kwa ufunguo ule ule wa mwanzo. Chukua karatasi mbili zenye maneno yale yale, moja imezidi kipande kidogo, uziweke sambamba: pale zinapoachana ndipo siri inapovuja. Walioko Allidina wakauingia msimbo wote. Tangu hapo waliweza kujua meli za mizigo za Japani zinaelekea wapi, na nyambizi za washirika zikazingojea njiani. Mwaka 1943 wakafunga virago wakarudi Colombo.

Hapa nilimwonya mpwa wangu asije akatia chumvi. Naijua kazi yao, mgeni akifungua macho kidogo tu, mara utasikia kulikuwa na handaki la siri kutoka Ngomeni mpaka Allidina. Halikuwapo. Fort Jesus wakati ule ilikuwa jela, na ilibaki jela mpaka 1958. Wala asiifanye ushindi wetu. Waliokaa na karatasi zile ni wakoloni waliochukua jengo la shule ya watoto. Watu wetu walikuwa bandarini, makuli wale wale waliogoma Agosti 1939, wiki chache kabla ya vita, wakidai mishahara. Wao ndio walioziona meli zote kwa macho yao, na hakuna aliyewaambia lolote.

Kituo cha mwisho ningewarudisha Mama Ngina, saa ya magharibi, wakati watu wanakula mihogo karai. Nawarudisha kwa sababu ya meli moja, Khedive Ismail. Iliondoka hapa Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara kwenda Colombo, imebeba watu 1,511: wauguzi, mabaharia, na kikosi cha mizinga cha askari wa Afrika Mashariki, watu wapatao elfu. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Msimbo uliovunjwa Allidina ulikuwa wa meli za mizigo. Haukuwaonyesha nyambizi ile.

Sanamu ya askari tuliyo nayo barabara ya Jomo Kenyatta ni ya Vita vya Kwanza. Wa Khedive Ismail hawana hata kibao pale wanapopita watu wa Mombasa kila jioni.

Mpwa wangu anataka kuanza Jumamosi ijayo, na vijana wanne wa mtaa kabla ya kumtoza mgeni hata shilingi. Nimemwambia aandike barua kwanza kwa mwalimu mkuu, maana lango la shule halifunguliwi kwa hadithi. Na ikiwa nyumbani kwenu babu alikuwa kuli Kilindini miaka ile, au kuna jina la askari aliyepanda meli ile asirudi, tuandikieni. Bibi zetu waliokuwa wasichana wakati huo wamebaki wachache.