Ni Nani Aletaye Mtoto wa Kiume?

Huko Ngoliba, upande wa mashariki ya Thika, ambako Wakikuyu na Wakamba hukaa ujirani, mwanamke akiisha kuonekana mjamzito hakosi waaguzi. Mmoja humtazama tumbo, akasema limechongoka mbele, basi ni mvulana. Mwingine huliona limetanda, akaapa kuwa ni msichana. Akitamani vitu vya chumvi, wa kiume. Akitamani vitamu, wa kike. Maneno haya hayana madhara, nayo huchangamsha jioni, kwani mwaguzi wa namna hii hupata nusu ya mara zote hata akifumba macho.

Lakini yako mengine yenye sumu, yaani yale yasemayo kwamba mke aweza kumgeuza mtoto: alalie ubavu wa kuume, ale hiki, aache kile. Hata Wayunani wa kale, pamoja na elimu yao yote, walikuwamo waliofundisha kuwa upande wa kuume huleta wanaume na wa kushoto wanawake. Mtu akiamini hivyo, siku azaliwapo binti wa nne huuliza mbona mama hakufanya ipasavyo. Hapo mama mkwe hununa, na mume huanza kutafuta mke wa pili.

Hamu yenyewe twaielewa. Kwa desturi ya Wakikuyu mvulana alipokelewa kwa vigelegele vitano, msichana vitatu. Na mwana wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Nyumba isiyo na mvulana huona kama babu amekosa mlango wa kurudia.

Basi wataalamu wasemaje? Mwaka 1905 Bi Nettie Stevens wa Marekani, akichunguza vijidudu vya unga, aligundua kwamba jinsia hutokana na mbegu ya dume. Ndivyo ilivyo kwa wanadamu pia. Yai la mama huwa na kromosomu ya jinsia ya aina moja tu, iitwayo X. Mbegu za baba ni za namna mbili, nusu zina X na nusu zina Y. Ikitangulia yenye Y, mtoto ni wa kiume. Shamba halikuchagua mbegu. Wala baba naye asilaumiwe, kwa kuwa hana amri juu ya ipi itangulie. Wako waliodai kwamba siku ya kukutana huamua jambo hili, lakini uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1995 haukuona hivyo.

Duniani huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Ukipiga hesabu, katika nyumba 17 au 18 zenye watoto wanne wanne, moja hivi itakuwa na mabinti watupu, bila mtu kukosea lo lote. Na shamba pia halipotei, maana Katiba ya mwaka 2010 haimbagui binti.

Tena wazee wa Kikuyu wapaswa kulijua hili kuliko wengine. Katika hadithi yao, Gikuyu na Mumbi walijaliwa mabinti tisa, “tisa kamili” kama wasemavyo, wala hawakupata mvulana hata mmoja. Gikuyu hakumfukuza Mumbi. Aliomba chini ya mgumo apatiwe wakwe, na mbari za Kikuyu hata leo huitwa kwa majina ya mabinti wale: Anjiru kwa Wanjiru, Ambui kwa Wambui, Agaciku kwa Wanjiku.