Chaki Ipo, Randa Haitoshi: Walimu wa Ufundi wa West Nile

Kuruta hapewi picha ya bunduki akaambiwa aikariri. Hupewa bunduki yenyewe, akaifungua na kuifunga mara nyingi, hata vidole vikaijua kazi hiyo gizani. Ndugu askari na polisi, ninyi mnalifahamu jambo hilo kuliko raia yeyote. Basi mfikirieni mwalimu wa useremala katika shule ya ufundi ya kijijini, ambaye hulazimika kuichora randa ubaoni kwa kuwa randa zenyewe ni chache, na wanafunzi ni wengi.

Atokaye Awindiri, katika mji wa Arua, akaelekea kaskazini hadi Koboko, husafiri kiasi cha kilomita 55. Mjini atawaona mafundi wakichomelea milango kando ya barabara. Mwalimu hodari ana soko huko siku zote, na si ajabu baadhi yao wakaliacha darasa. Anayebaki, nadhani, hubaki kwa mapenzi.

Umeme nao umewatesa walimu hawa. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, tangu mwaka 2012, maji ya Nyagak yenye uwezo wa megawati 3.5 tu. Gridi iliwasili mwaka 2024. Hata hivyo, nguzo kupita barabarani ni jambo moja, na waya kuingia katika karakana ya shule ya kijijini ni jambo jingine. Pasipo umeme wala dizeli, somo la kuchomelea huwa hadithi.

Liko pia suala la lugha. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Darasa moja laweza kuwa na Wakakwa, Walugbara, Waaringa, na wakimbizi wasemao Kiarabu cha Juba. Mwalimu huanza kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, akaingia Kilugbara, akamalizia kwa Kiswahili. Jina la chombo kimoja hutajwa mara tatu kabla ya chombo kushikwa.

Wazazi nao, tuseme kweli, huipeleka shule ya ufundi mtoto waliyemkatia tamaa. Mwalimu humpokea akiwa amekwisha kuambiwa kwamba ameshindwa.

Lakini walimu hawa wana akili. Mwalimu wa uashi asiye na saruji huwaambia wanafunzi wajenge kwa udongo. Ukuta husimama, hupimwa kwa timazi, kila kijana hupewa alama zake. Kisha wote huubomoa taratibu, wakakwangua udongo, wakayapanga matofali chini ya mwembe, kwa kuwa darasa la kesho litayahitaji yaleyale.