Puda nyeupe kichwani, na fardi mkononi

Kila mwaka majibu ya Examen d'État ikitoka, mu kambi zetu za wafanyakazi watoto wanakimbia njiani na puda nyeupe kichwani. Wamama wanapiga vigelegele, na baba mwenye alitoka kazi ya usiku hawezi tena kulala. Sisi wa delegasio ya sendika tunafurahi pamoja nao. Lakini tunajua kama kisha puda inafuata karatasi, na karatasi hazina vigelegele.

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa mugodi hapa Lualaba, alituma binti yake kusoma Lubumbashi. Alilipa minervali, akatafuta chumba, akanunua godoro. Kila kitu kilikuwa tayari, tulifikiri. Mwezi wa tatu binti akapata maumivu ya tumbo, hospitali ikasema lazima kumupasua siku ile ile. Baba akakimbia ku kompanyi kuomba bon ya matunzo. Wakamujibu: «Papa, jina ya mutoto haiko tena mu liste. Alitimiza miaka 18, na hatukuona karatasi ya kuonyesha kama anasoma.»

Ile karatasi ilikuwepo. Ilikuwa mu valizi ya binti tangu mwezi wa kumi na mbili. Hakuna mtu alimuambia baba ailete, na sisi pia hatukumuambia. Mtoto alipona, Mungu asifiwe, lakini baba aliuza pikipiki yake. Kisha miezi mbili ya kubishana, kompanyi ilirudisha jina mu liste na kulipa nusu ya deni. Nusu ingine ilibaki kwa baba.

Njo maana leo tunawaandikia, wazazi wenzetu. Chukueni fardi moja, muanze kupanga.

Kwanza, majina. Fungueni buletini za miaka mbili ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, na karatasi ya Examen d'État, muziweke pamoja ku meza. Jina, postinome na prenome zinafuatana namna moja fasi yote? Mara mingi tunaona mtoto ni Ilunga Kasongo ku masomo, na Kasongo Ilunga ku komini. Kwenu ni mtu mmoja. Kwa mwenye kuandikisha ku iniversite ni watu wawili. Kosa kama lile linarekebishwa vizuri wakati mtoto iko bado karibu na masomo yake, apana wakati yeye iko mbali na siku za kuandikisha zinaisha. Lakini karatasi ikisema «Provense ya Katanga», musiogope: hilo si kosa. Katanga ilikatwa mara nne mwaka wa 2015, na mtoto aliyezaliwa mbele ya hapo alizaliwa kweli mu Katanga.

Pili, cheti cha kuzaliwa. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987, vile ilirekebishwa mu 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto ku etasivili. Wengi kati yetu tulipitisha zile siku, juu ya kazi ao juu ya uzembe. Zikipita, njia ni tribinali: wanatoa hukumu yenye kusimama pahali pa kile cheti, na etasivili inaandika kufuatana nayo. Inaomba muda na makuta. Anzeni mbele ya majibu ya egzame, musingojee puda.

Tatu, diplome. Kila mtu anajua kama diplome yenyewe inachelewa. Kwa kuandikisha, mtoto anatumia atestasio ya kushinda. Ile ya asili isitoke mu nyumba ovyo. Fanyeni fotokopi, muzipige kashe ya «copie conforme», mtoto atembee na zile. Fotokopi moja ibaki kwenu, ingine kwa shangazi ao kwa mtu mwenye munatumaini. Nyumba inaweza kuungua.

Nne, miaka 18. Kwa sheria yetu, mwenye miaka 18 ni mtu mukubwa. Sisi tunamuita mutoto, lakini sahihi ni yake. Siku diplome itafika ku masomo ya hapa, na yeye iko Lubumbashi ao Kinshasa, wanaweza kukatalia mzazi kuichukua. Mbele aende, aandike prokirasio kwa baba ao mama, na sahihi yake ihakikishwe. Kama hajafikisha 18, ni mzazi njo anaandika ruhusa ya safari, na anaonyesha jina la mtu atakayemupokea kule. Na mwenye iko na karti ya elekteri aichunge sana, juu mu inchi yetu inatumika kama kitambulisho.

Tano, kompanyi. Kodi ya kazi ya mwaka wa 2002 inaweka juu ya patron mzigo wa kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Lakini mtoto aliyepita umri anabaki mu liste kufuatana na mapatano ya kila kompanyi, na mara mingi wanaomba atestasio ya kusoma kila mwaka. Someni mapatano yenu. Delege wenu iko nayo. Akisema hana, mumuulize alichaguliwa kwa kazi gani. Na mukipeleka karatasi, musiiache hivi hivi mu mikono ya mtu. Bebeni fotokopi ya pili, waipige kashe na tarehe ya kupokea. Bila kashe, kesho watasema hawakuona kitu.

Yule mwenzetu hana pikipiki tena, anapanda teksi kuenda kazini. Mwaka huu, mara tu binti alipotuma atestasio mupya, alikuwa wa kwanza ku mlango wa biro ya personeli, fardi chini ya kwapa. Muandishi akamuambia: «Acha tu hapa, papa, tutaangalia.» Akajibu: «Apana, mama. Piga kashe kwanza, njo nitaenda.»

Kashe ikapigwa.